Mkataba Usio na Stempu

Kuweka vidonge vya kufukuza nondo kwenye kabati la nguo si kosa. Semarang, mji wa pwani ya Java, unyevu unakula kila kitu, hata kuta. Lakini Bu Wening, na elimu yake yote, alitia vidonge sita ndani ya kopo moja na disketi yake ya pekee, akafunika, akaliacha miaka thelathini na miwili. Mas Tarmuji, fundi wa kompyuta kuukuu, alipolifungua kopo lile alirudi nyuma akiziba pua.

"Mama wee! Uliihifadhi au uliizika?"

"Niliihifadhi," alijibu Bu Wening kwa ukali. "Ulitaka iote ukungu?"

"Ukungu ningeuosha. Hivi vidonge vimeyeyusha ganda, limegandamana na disketi yenyewe. Hebu tazama."

Akatazama. Mle ndani mlikuwa na gemu aliyoitunga akiwa na miaka ishirini na sita, gemu ya kuuza vitu sokoni. Siku hizi anauza pecel, mboga za kuchemsha na mchuzi wa karanga, na kila akiwaambia wateja kwamba aliwahi kutunga gemu ya kompyuta, hucheka mpaka wakapaliwa. Sasa maktaba ya mji ilikuwa inaandaa maonyesho ya gemu zilizotungwa Semarang. Alipowaomba waiweke yake, walimjibu kwa adabu: lete inayofanya kazi, tuione. Hakuwa na ushahidi mwingine duniani.

Tarmuji alipasua ganda kwa wembe, akakiosha kile kiduara cheusi kwa maji na sabuni ya vyombo, akakivika ganda la disketi nyingine. Kompyuta ikanguruma, ikasoma nusu, ikagoma.

"Na hata ingesoma yote," alisema, "kampuni iliyoitoa iliitia kufuli ili isinakiliwe. Ili kuihamishia disketi nzima lazima nilivunje, na silivunji bila barua ya mwenye mali."

"Mwenye mali ni mimi! Nimeitunga kwa vidole hivi."

"Hukuiuza?"

Akalivuta kopo lake, akaanza kulifunika.

"Basi si yako, mama. Mimi nilishalala mahabusu siku mbili kwa sababu ya nakala za mali za watu. Tangu hapo nimekuwa mwoga, na woga wangu naupenda."

Mwenye mali alikuwa Pak Hendrawan, mwenye kampuni ile, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Bu Wening alimuuzia gemu ile, akaolewa, akahama mji, na aliporudi hakutaka hata kupita mtaa wake. Nani asiyejua habari hiyo pale kwenye meza za pecel? Hendrawan aliuza maelfu, Hendrawan alilifuta jina lake akaandika la kwake. Likijengwa ghorofa popote mjini, Bu Wening husema, "Hiyo ni pesa ya gemu yangu hiyo."

"Siendi," alimwambia Tarmuji.

Siku ya tatu akaenda, akamburuta Tarmuji na kompyuta yake awe shahidi. Alibeba na pecel, maana hata kwa adui huendi mikono mitupu.

Ghorofa halikuwepo. Palikuwa na nyumba nyembamba nyuma ya duka la misumari, na mzee wa miaka sabini na minne mwenye kaptura akifungua mlango. Alimkazia macho mgeni wake, kisha akapiga kelele.

"Wening! Ni wewe? Ulipotelea wapi, mwanamke wewe? Nimekutafuta mji wa Solo, nimekutafuta mji wa Kudus!"

Matusi yote aliyoyapanga njiani yakamkauka mdomoni. "Unitafutie nini?"

"Sahihi yako."

"Si nilisaini?"

"Ulisaini karatasi haina stempu ya serikali! Marehemu mke wangu aliiona akasema, mwehu wewe, hii ni karatasi ya kufungia tempe za soya. Uza hata moja, yule binti akupeleke mahakamani. Nikangoja nikupate usaini juu ya stempu. Ningeuzaje kitu kisicho changu?"

Tarmuji akakohoa. Tangu alale mahabusu alikuwa anasoma sheria kama wengine wanavyosoma habari za mpira. "Samahani, Pak, mzee wangu. Stempu ni kodi tu. Mkataba ukishasainiwa na wote wawili, ni mkataba. Ungekwenda posta ukaibandika baadaye, ukalipa na faini kidogo. Haki ya kuuza ulikuwa nayo tangu siku ile."

"Lakini kila mtu anasema..."

"Kila mtu anakosea."

Bu Wening ndiye aliyeuliza, ingawa jibu alishalijua. "Uliuza ngapi?"

Mzee akawapeleka chumba cha nyuma. Kabatini, chini ya balbu iliyowashwa kufukuza unyevu, palipangwa maboksi mia nne ya gemu ile, nailoni zake hazijaguswa. "Balbu hii sijaizima mimi," alisema. "Labda umeme ukatike."

Bu Wening alikaa juu ya ndoo ya misumari. Alimtazama mtu aliyemchukia zaidi ya nusu ya maisha yake akilipangusa boksi kwa ncha ya fulana. Aliona aibu. Aliona na hasira, ila hakuwa na wa kumtupia. Hakuna aliyemwibia. Na hakuna aliyeicheza gemu yake, hata mtu mmoja, nchi nzima.

Tarmuji alifungua boksi. Disketi halisi, na mwenye mali yupo hapo hapo: hakukuwa na kufuli la kuvunja. Kompyuta ikasoma bila kugoma. Soko likajitokeza kwenye kioo, na chini yake maandishi: Imetungwa na Wening, Semarang.

Bu Wening akalia waziwazi. "Hukulifuta."

"Nifute jina la mtu kwenye kazi yake? Mimi mwizi?"

"Nilidhani hivyo, Pak. Miaka yote hii, na watu nimewaambia. Nisamehe."

"Na mimi unisamehe. Ungekuwa mtu mkubwa saa hizi." Mzee akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta, mikono magotini. "Sijawahi kuicheza. Niliona nitakuwa nachezea mali ya mtu bila ruhusa. Inaanzwaje?"

Bu Wening akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akasogea karibu, akamwonyesha kitufe.

"Hapa," alisema. "Bonyeza. Wewe ndiye wa kwanza."