Kodi ya Matonya

Katika ukoo wetu, babu yangu Matonya ndiye wa kwanza kujenga nyumba asiyokusudia kulala ndani yake.

Ulikuwa mwaka ambao reli ya Mjerumani ilifika Dodoma. Aliuza ng'ombe wanne, akajenga tembe ndefu karibu na stesheni, milango sita chini ya paa moja la udongo. Dada yake Ruthu alisema ameingiliwa na wazimu. Kwetu mgeni hupewa pa kulala, na uji juu yake. Nani atatoa fedha ili afumbe macho?

Kisha treni ikaingia. Ardhi ilitetemeka hadi babu akaisikia kwenye magoti, na mabehewa yakamwaga watu asiowajua hata kwa mavazi. Kabla ya jua kuzama milango yote sita ilikuwa na wenyewe. Babu alisimama uani akiitazama mioshi sita ikipanda kutoka nyumba moja.

Mpangaji mmoja alikuwa Mwanahawa, muuza maandazi. Mwingine alikuwa Yahaya, mchukuzi wa mizigo, mtu wa Busi huko Kondoa.

Mwezi ulipoisha, babu alianza kupita mlango kwa mlango. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Fedha inayotolewa kwa ajili ya nyumba aliijua kwa jina moja tu, lile alilolisikia kila mwaka kwa akida, mkusanyaji wa serikali.

"Nimekuja kuchukua kodi," alimwambia Yahaya.

Yahaya alishtuka. Kodi ya serikali ya mwaka ule alikwisha kuilipa kwao, na cheti alikuwa nacho. Hakubishana. Alitoa rupia yake kwa adabu, kisha akaenda moja kwa moja kwa akida kuuliza ni lini Matonya amepewa kazi ya serikali.

Usiku ule mvua ya kwanza ilinyesha. Mitikisiko ya treni ilikuwa imefungua nyufa paani, maji yakaingia kwa Mwanahawa mpaka kwenye unga. Asubuhi babu alikuwa juu, akishindilia udongo mpya, askari walipomwita ashuke. Hawakumpa nafasi ya kunawa.

Bomani ilitangazwa kwamba anayejifanya serikali adhabu yake ni hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na nyumba inachukuliwa. Akida alimuuliza kama kweli amekusanya kodi. Babu, asiyejua kosa lake, alijibu kwamba ameikusanya, na kwa milango yote sita.

Akida alimgeukia karani aandike. Hapo Mwanahawa, aliyewafuata kwa miguu katika matope, akaomba kusema.

"Shikamoo, bwana akida. Nauliza tu. Kodi yako tunalipa kila mwaka. Nyumba yangu ikivuja, utapanda wewe kuziba?"

Akida alimwonya asilete mzaha.

"Sileti. Mtazame mikono. Huyu ukimpa kodi, anapanda. Serikali ya wapi hiyo, inayopanda juu ya paa la muuza maandazi?"

Wote waliitazama mikono ya babu. Udongo ulikuwa umemkaukia mpaka viwikoni. Hata Yahaya, aliyeletwa kuwa shahidi, alikiri kwa sauti ndogo kwamba serikali ya namna hiyo hajapata kuiona. Akida alijaribu kukunja uso, kicheko kikamshinda. Alimwambia babu aende akamalize kazi kabla mvua haijarudi, na siku nyingine aseme "kodi ya chumba".

Babu alipanda tena. Yahaya alisimama chini akimpandishia udongo, kisha akauliza, akitazama pembeni, kama atarudishiwa rupia yake.

"Hiyo ni ya chumba," babu alisema. "Lete udongo."

Treni ikaja. Paa lilitetemeka chini ya nyayo zake, naye akazuia pumzi, macho kwenye ufa aliouziba. Haukufunguka. Kule stesheni watu walikuwa wakishuka na mikeka yao, wakiangaza huku na huku kutafuta mlango. Babu aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akageuka kuipima kwa macho ardhi iliyobaki kando ya mlango wa sita.