Ombi kwa Maktaba ya Sauti

Mhariri alikuwa na miaka ishirini na mitatu, kiti kinachozunguka upande mmoja tu, na chumba nyuma ya duka la picha, ambamo alikata na kuunga video za harusi, za mahafali, na za watu wanaopenda kurekodiwa wakihutubia. Wateja walimwita Mhariri, naye aliitika kwa uzito unaostahili, kana kwamba cheo hicho alivishwa uwanjani kwa mizinga ishirini na mmoja.

Siri ya kazi yake, ambayo hakuna mteja aliyewahi kuijua, ni kwamba nusu ya yanayosikika kwenye video hayakutokea pale. Kamera hukamata sura, lakini sauti huila. Bwana harusi anaweza kukanyaga changarawe kwa madaha yote, na kisisikike hata kishindo. Kwa hiyo Mhariri alikuwa akiingia kwenye tovuti moja ambako wahariri wa dunia nzima huwekeana sauti za bure: milango, nyayo, vikombe, radi. Zilikuwa sauti elfu themanini, na elfu kumi na moja kati ya hizo zilikuwa mvua. Kulikuwa na binadamu mmoja, mwenye amani ya moyo isiyo kifani, aliyekaa saa nzima akarekodi friji, na binadamu wengine mia mbili waliomwandikia kumshukuru.

Huko ndiko alikompata kaka yake.

Siku hiyo alikuwa anatafuta mlango wa mbao tu. Akabonyeza wa kwanza, akasikia mtu akisafisha koo, kisha akitangaza kwa sauti ya msomaji wa taarifa za msiba: "Mlango. Mara ya tatu." Mlango ukafungwa. Mhariri hakuusikia. Mtu mmoja tu duniani aliutangaza mlango kwa heshima namna hiyo, na mtu huyo tangu utotoni alikuwa akirekodi na kutangaza hivyohivyo kuku, bomba la maji na mikoromo ya wajomba. Nyumbani walimwita Masikio.

Masikio alikuwa ameondoka miaka miwili nyuma. Baba alikuwa mgonjwa, katika wiki zake za mwisho, na Mama alipoingia chumbani alimkuta mwanawe ameinama kando ya kitanda na kinasa sauti chake cha kazi ya filamu mkononi, anarekodi Baba anavyopumua. Mama hakupaza sauti. Alisema pumzi ya mtu si kitu cha kutiwa kwenye filamu za watu, na kwamba atoke humo yeye na masikio yake. Baada ya mazishi Masikio akatoka kwelikweli, akabadilisha na namba ya simu. Mama hakumtaja tena. Ila simu yoyote ikilia, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza ni nani, halafu akasema hakuuliza.

Basi Mhariri akawa na desturi. Saa ya chakula cha mchana alifunga mlango, akavaa hedifoni, akafumba macho, akaenda kumtembelea kaka yake. Alijua sakafu yake ni ya saruji. Alijua bomba lake linavuja, na kwamba jirani ana mtoto mchanga asiyependa kuoga. Alijua kila kitu isipokuwa alipo. Angeweza kumwandikia, lakini mtu aliyebadilisha namba ya simu anaweza pia kuhama tovuti, na Mhariri hakuwa tayari kumpoteza mara ya pili kwa sababu ya haraka.

Badala yake akafungua akaunti mpya kwa jina la Profesa wa Filamu, akaweka picha ya kofia, na kwenye ukurasa wa maombi akaandika: "Natafuta sauti ya meza ikiandaliwa kwa chakula cha jioni. Idadi ya sahani iwe ile ya kawaida ya mrekodi."

Baada ya siku mbili jibu likaja. Kiti kilivutwa. Sahani moja ikatua. Kijiko kimoja. Kisha kimya kirefu cha mtu anayekula bila wa kumwambia chumvi imezidi. Chini yake Masikio alikuwa ameandika, "Shikamoo Profesa. Hii hapa."

Profesa akajibu marahaba, kijana, inafaa sana. Akaongeza, "Kula vizuri," na alipogundua kwamba maprofesa hawana kawaida hiyo, ujumbe ulikuwa umeshaenda.

Maombi yakafuatana. Profesa aliomba kabati la chakula lililojaa; akaletewa mlango wa kabati, kimya cha aibu, na kopo moja likigongwa na ukucha. Aliomba mwanamume akiamka asubuhi bila hamu ya kwenda kazini. Akaletewa pumzi ndefu mno ambayo Mhariri aliirudia mara nne. Hatimaye tamaa ikamzidi, akaomba sauti ya mtu akipiga simu nyumbani kwao.

Wiki tatu hapakuwa na jibu. Mhariri alikata harusi mbili vibaya, na katika moja bibi harusi alikula keki kabla ya kuikata. Alikuwa na hakika amemfukuza.

Kisha alasiri moja ombi jipya likatokea kwenye ukurasa, na safari hii mwombaji alikuwa Masikio mwenyewe: "Natafuta sauti ya mama wa makamo aliyemkasirikia mwanawe. Dakika moja. Hata asiposema kitu. Ombi hili ni kwa Profesa, ambaye najua anatafuna kucha hivi sasa."

Mhariri akatoa kidole mdomoni.

Nyumbani Mama alikuwa kwenye cherehani, anapunguza gauni la mteja. Mhariri alimweleza yote kuanzia mlango, na Mama akaendelea kushona kama anayesimuliwa habari za hali ya hewa. Akauliza tu nani kasema yeye amekasirika. Akauliza mtu anapataje chakula kwa kurekodi makabati. Halafu mguu wake ukasimama.

"Ile ya baba yenu," akasema. "Ameiweka huko?"

"Hapana, Mama. Nimetafuta kila mahali. Hajaiweka."

"Umetafuta vizuri?"

"Miaka hii yote ameweka hadi kopo la maharage. Ile hajaiweka."

Mama akakata uzi. Kisha akataka asikie chochote cha huko, chochote tu. Mhariri akamvalisha hedifoni, akamwekea ile sauti ya meza. Mama alisikiliza amekodoa macho ukutani, akasubiri, akasubiri tena.

"Ndiyo hiyo tu? Na zile nyingine ziko wapi?"

"Nyingine nini?"

"Sahani."

Mhariri akaweka kinasa sauti juu ya meza ya cherehani, akainua kidole kama wanavyofanya watu wa kazi hiyo. Mama aliketi wima, amekunja mikono, akakasirika kwa ukamilifu sekunde hamsini nzima. Kisha akakiinamia kile kifaa.

"Sahani moja," akakiambia. "Huna haya."

Jioni hiyohiyo Mhariri aliipandisha. Tovuti iliuliza sauti hiyo iwe ya matumizi gani, na hapakuwa na kisanduku cha mtu mmoja tu, akachagua "huru kwa wote." Kesho yake mchana ilikuwa imepakuliwa mara arobaini na moja. Tovuti haisemi na nani. Huenda wahariri arobaini na mmoja, katika nchi wanazozijua wenyewe, walikuwa wakimtia Mama kwenye filamu zao awakaripie majambazi. Huenda alikuwa mtu mmoja, kwenye sakafu ya saruji, anarudia.

Mhariri aliporudi nyumbani, Mama alimpokea mlangoni na hakusubiri salamu.

"Wamesikia?"

"Arobaini na mmoja, Mama."

"Sijakuuliza hao arobaini."

Mhariri alisema kaka yake bado hajaandika neno. Mama akaitika kwa kichwa, akarudi kwenye cherehani, akashona mshono mmoja, akaufumua. Akasema jana alikuwa na mafua, sauti ilitoka kavu, mtu anaweza kuielewa vibaya. Akauliza kama mambo hayo yanaruhusiwa kurudiwa.

"Yanaruhusiwa. Yeye mwenyewe mlango aliurudia mara tatu."

"Basi kilete hicho kitu."

Mhariri alipokwenda kukichukua, Mama alisogeza gauni la mteja pembeni, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya vizuri, akajifuta uso, akakaa.