Hodi ya Buti

...na aliyenisimulia kwanza ni Shangazi Saima, Juni 1979, si Julai kama wanavyosema wengine katika ukoo, nakumbuka kwa sababu leseni yangu ya kuendesha farasi ilifika kwa posta Jumanne ile na nyasi za malisho zilikuwa hazijakatwa, tumekaa kwenye ngazi za zizi tunapaka hatamu mafuta, mimi nina miaka kumi na tisa, yeye thelathini na minane, akasema bila kuinua macho, niliiona ile buti, Hilja... lakini kwa nini namkumbuka Shangazi saa hizi, mwamuzi ananiuliza kitu, huyu Pyykkönen, binti wa juzi, kalamu mkononi, fomu mezani, nyuma yake dirisha na uwanja mzima chini, "Bi Hilja, nauliza tena, kwenye kona ya mwisho mguu wako wa kulia ulikuwa wapi?" na mimi vumbi la uwanja bado liko kwenye meno, nimeshinda, nimeshinda kwa urefu wa kichwa, mimi miaka sitini na mitatu na farasi wangu Vilpuri kumi na minne, vikongwe wawili, tumewaacha farasi tisa na vigari vyao nyuma yetu na hakupiga shoti hata hatua moja, maana shoti katika mbio hizi ni kosa, mwendo wake ule ule wa mchapuko, safi kama cherehani, kutoka mwanzo hadi mstari, na watu kwenye majukwaa walisimama na soseji zao mikononi wakaita jina la ukoo, si langu, la ukoo, Raappana, Raappana, nani asingevimba kichwa, nami nilivimba, bado nimevimba, basi aje Asko Heikura, wa pili kama kawaida yake, apande ngazi hizi na malalamiko.

Yuko pale mlangoni, kofia ngumu kwapani, anasema nilikuwa nyuma ya Hilja mita mbili tu, mwamuzi, nitaachaje kuona, kautoa mguu kwenye kikanyagio cha kigari kamgusa farasi nyuma ya goti, jambo lililokatazwa, "mguu wako una kichaa, Hilja, na kichaa chenyewe ni cha kurithi," nami nikamjibu, "wewe Asko macho yako yanaujua mgongo wangu tu, miaka ishirini unautazama," na mwamuzi wa pili akacheka ndani ya kikombe cha kahawa, Pyykkönen hakucheka, akasema jamani, mmoja mmoja, akairudisha picha kwenye skrini, mara tatu, mara nne, kona ya mwisho, vumbi, kifua cha farasi wa Asko kimeziba kila kitu, kigari changu kinaonekana gurudumu moja tu, mguu hauonekani, "picha haisemi kitu," amesema, "kwa hiyo limebaki neno lako na neno la Asko, na kwa neno la aliyeshindwa peke yake siwezi kumfungia mtu, Bi Hilja, ila ni lazima niulize, nawe ujibu, niandike." Basi jibu ni jepesi, mguu ulikuwa kwenye kikanyagio, sentensi moja, nishuke ngazi, nikamvue Vilpuri hatamu, kwa sababu nikisema vingine ni siku kumi na nne nje ya kigari, na siku ya tisa kuanzia leo Vilpuri anakwenda kushindania umalkia, jike bora wa farasi wa Kifinlandi, mbio tatu kwa siku mbili, na kwa umri wake mwaka mwingine kama huu hana, na mimi pia sina, ukoo wetu umefuga farasi tangu 1891 na malkia hatujapata, ninalo daftari lenye kila mtoto na kila mtoto wa farasi, tarehe na rangi na alama za usoni, hakuna kosa ndani yake, makasisi wawili wamewahi kuja kuniuliza tarehe ambazo vitabu vya kanisa vimezikosea...

Hakuna kosa. Isipokuwa... niliiona ile buti, alisema Shangazi, na kitambaa cha mafuta kikasimama mkononi mwake, Agosti 1952, yeye miaka kumi na mmoja, amekaa juu ya uzio wa kona ya mwisho, Babu Iivari anakuja na Tähkä, jike mwekundu, na buti ya Babu inatoka, tap, nyuma ya goti, kubisha hodi, ndivyo Babu mwenyewe alivyokiita nyumbani kile kitendo akiwafundisha wanawe, simpigi, namgongea tu hodi afungue mlango, na waamuzi wakamfungia miezi sita, naye akarudi nyumbani kidevu juu, akasema Raappana hatoi mguu, waamuzi ni vipofu, akalisema Krismasi ile mbele ya paja la nguruwe na Krismasi zote zilizofuata hadi alipokufa, na baba yangu akalisema baada yake, na sisi tukakua tumenyooka migongo kwa sababu ya dhuluma ile, tulikuwa watu waliodhulumiwa na tukalivaa jambo hilo kama nishani. Usiku wa mbio zile Babu alimuuliza Saima mezani, "Ulisimama wapi?" naye akajibu, "Sikuona kitu, Baba," hata swali lake hakulijibu, na Babu akaelewa, akainamia supu, na asubuhi mtoto alikwenda zizini peke yake akafunga kitambaa cha maji baridi kwenye goti la Tähkä lililokuwa limevimba kama yai, siku nne mfululizo, na tangu hapo, alisema, neno hodi halikutamkwa tena nyumbani kwetu, hata mgeni akibisha mlango tulisema kuna mtu, ndipo nilipojua kuwa kila mtu anajua.

Nikamsikia, nikaendelea kupaka mafuta. Na daftari linasema nini, linasema 1952, Iivari Raappana, alifungiwa miezi sita kwa dhuluma, mwandiko wangu, wino, niliandika nikiwa na miaka kumi na mitano na baba akinitajia, na tangu Juni ile ya 1979 nimelifungua mara ngapi, miaka arobaini na minne, nikajivunia kwamba halina kosa huku kidole changu kikilifunika neno moja.

"Bi Hilja? Unasikia?" Nasikia, mwanangu. Uliza tena mguu ulikuwa wapi. Mguu wangu ulitoka, sikuuamrisha, ulitoka kama unajua njia, ukagusa mara moja, laini, na Vilpuri hakuuhitaji, hilo ndilo linaloniuma, alikuwa tayari ameshamshinda yule wa Asko, nilihisi kwenye hatamu, alikuwa na nguvu za ziada, nimemgongea hodi mtu ambaye mlango wake uko wazi, nimeuchafua ushindi wake yeye, si wangu. Na Asko pale mlangoni amenuna kama mkate wa juzi, lakini ana mikono miepesi kwenye hatamu yule bwana, nilijua siku zote na sijamwambia, na hajawahi kutoa mguu, hata mara moja, siku ya tisa Vilpuri atahitaji mtu mwenye mikono miepesi amwendeshe badala yangu, atasema nini nikimwomba, atasema, "Kumbe na wewe umeanza kutazama mgongo wangu," acha aseme. Raappana hatoi mguu, hapana, Raappana akiutoa husema. Hilo ndilo nitakaloandika, nitalikata neno dhuluma kwa mstari mmoja ulionyooka, lisomeke chini ya mstari, na chini ya 1952 nitaandika mwaka huu, na mgongo wangu, mbona hata sasa hivi kwenye kiti hiki kibovu umenyooka kuliko nilipovuka mstari.

Kalamu ya Pyykkönen bado iko juu ya karatasi. Babu Iivari, alifariki 1968. Tähkä, kabla yake, 1960. Baba, 1994. Shangazi Saima yuko hai, miaka themanini na miwili, yuko mbele ya runinga ya nyumba ya wazee, amevaa miwani yake mbili, moja juu ya nyingine, anatazama marudio ya kona ya mwisho.