Kalimati Nyeusi za Asali ya Kibondo

Alhamisi asubuhi chumba cha nyuma ya duka la Firdausi, pale Kasulu, kilinukia kakao na mafuta ya taa. Mafuta ya taa yalikuwa ya jiko la mchina, kwa sababu mkaa una majivu, na chokoleti haipatani na majivu. Meza ilitandikwa plastiki yenye maua ya zambarau. Juu yake palikuwa na sahani nne, na katika kila sahani chokoleti za mviringo, laini ndani, zimegaragazwa kwenye unga wa kakao mpaka zikaonekana kama zimeokotwa vumbini. Firdausi alifundishwa kuzitengeneza na dada yake aliyeolewa Tanga. Watu wa sokoni waliziita kalimati nyeusi, na walizila wamesimama, maana zikikaa kiganjani zinayeyuka na kuchafua nguo.

Sahani ya kwanza ilikuwa ya kahawa ya Muyama. Ya pili tangawizi ya Manyovu. Ya tatu karanga za Nyakitonto. Ya nne, iliyowekwa karibu na dirisha ipate baridi, ilikuwa ya asali ya Kibondo.

Wageni walikuwa wameketi. Mudathiri, kijana mpole mwenye viatu vyeupe, alitoka Dar es Salaam kwenye kampuni iliyotaka kuziuza chokoleti hizo madukani huko. Kazi yake ilikuwa kuonja na kutoa alama. Dereva wake alikaa karibu na mlango. Mtendaji wa kata alikuwepo pia. Hakualikwa, lakini mahali penye sahani hakosi. Wa mwisho alikuwa Felisiani, mwenyekiti wa kikundi cha warina asali cha Kibondo, ambaye ndoo yake ya asali ndiyo iliyotumika. Alivaa koti jipya.

Sasa, huku milimani, anayekupa kitu cha kula hukionja yeye kwanza mbele ya macho yako, ndipo ujue hakikutiwa kitu. Ni desturi ya pombe, ya maziwa, hata ya chai, na chokoleti nayo haikuachwa. Lakini Firdausi siku hiyo alikuwa amefunga, analipa siku zake za Ramadhani.

"Mama Ange, nionjee," alisema. "Mimi kinywa changu kimefungwa."

Mama Ange ndiye Niyonsaba, mama aliyekuwa akimfinyangia chokoleti hizo. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni, akakulia Kibondo, akaolewa na Makarius, mrina asali. Miaka mitatu nyuma Makarius aliingia msituni na Felisiani kurina, na Felisiani akarudi peke yake. Alisema Makarius ameamua kurudi kwao Burundi, tena alimwona kwa macho yake mpakani Manyovu akibadilisha pesa, na mwanamke mwenye kitenge cha njano pembeni. Watu waliamini upesi. Mtu ambaye baba yake alikuja na mkeka kichwani, akipotea, husemwa amerudi. Kikundi kikakaa, kikasema mizinga ya mtoro haiwezi kuachwa ioze, ikapewa Felisiani.

Niyonsaba hakunyolewa nywele za ujane. Mtoro haliliwi. Lile jambo ambalo wazee wa upande wake huliita kuganduka, kuvua msiba ili mtu aanze kuishi tena, yeye hakuwa na msiba wa kuvua. Alihamia Kasulu kutafuta kazi, na tangu hapo hakuwahi kulamba asali.

Alionja ya kahawa, akatikisa kichwa kwamba ni nzuri. Akaonja ya tangawizi, ikamwasha kidogo. Ya karanga ilikuwa na chumvi inayotosha. Kisha akachukua ya asali, akaiuma nusu, na sauti ya mumewe ikatoka kinywani mwake. Ilikuwa sauti ile ile, yenye mkwaruzo wa moshi wa kufukizia nyuki.

"Mama Ange, mbegu za maharage nimezifunga darini."

Niyonsaba alimeza. Mudathiri aliuliza kama hiyo ndiyo ladha yenyewe au kuna kitu kimeongezwa.

"Asali tupu," alisema Firdausi. "Na maziwa ya unga kidogo."

"Ni mume wangu," alisema Niyonsaba.

"Ego, ndiyo," alisema mtendaji. "Ni Makarius. Alikuwa akileta asali hapa sokoni, anaongea hivyo hivyo, kama mtu mwenye mafua."

Mudathiri alichukua yake, akaifumba kinywani kama alivyofundishwa, akaisukuma juu kwa ulimi. Ikasema kwa sauti ya Makarius kwamba mwaka huu miyombo imewahi kuchanua. Alisifu ulaini wake. Alisema sauti inakuja mapema mno, kabla utamu haujafika kooni, lakini mwisho wake ni mrefu. Dereva akaomba naye.

"Usiachie kamba, Feli," kinywa cha dereva kikasema, na dereva akafuta kakao mdomoni kwa kiganja.

Mtendaji alikula mbili pamoja, kwa hiyo maneno yalitoka yamebanana, na Firdausi alimwomba atafune polepole. Moja ilisema, "Umeachia kwa nini, ndugu yangu?" Nyingine iliomba maji.

Nje mwanamke alikuwa anauza dagaa, anaita. Ndipo Firdausi akasogeza sahani mbele ya Felisiani, akasema kwa upole kwamba mwenye asali hawezi kuondoka bila kuila asali yake. Wageni wangefikiria nini.

Felisiani alichagua ndogo. Aliitafuna midomo ikiwa imefungwa, lakini maneno hayahitaji mlango mpana.

"Mizinga chukua," Makarius alisema ndani ya kinywa cha Felisiani. "Chukua yote. Niache tu nifike nyumbani."

Felisiani alikunywa maji. Akasema asali ya mwaka huu imekolea.

"Yuko wapi?" Niyonsaba alimuuliza.

"Nani?"

"Mume wangu. Umemweka wapi?"

"Muulize aliyesema, shemeji. Mimi nimekula tu, kama wenzangu."

Niyonsaba alimgeukia mtendaji. Alimwambia amesikia, kwa hiyo aandike. Mtendaji alikuwa bado analamba kidole. Alimwonea huruma, na hakuwa mtu mbaya; mwaka wa mvua kubwa alimpa bati mbili za kuezekea choo.

"Mama Ange, niandike nini?" alisema. "Hayo maneno yameliwa. Polisi wakisema nilete ushahidi, nitawapelekea tumbo langu?"

Dereva alicheka, kisha akaacha.

Alama zilitoka pale pale. Kahawa ilipita. Tangawizi ilipita, ipunguzwe ukali. Karanga ilishindwa, kwa sababu watu wa Dar wana karanga zao. Asali ilipata alama za juu kuliko zote. Firdausi alifurahi na kuona haya kwa pamoja, akawa anapanga sahani ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Alikuwa na watoto watatu shuleni na duka la kukodi.

Zilizobaki za asali zilikuwa zimeshafungwa kwenye maboksi madogo yenye utepe, kupelekwa Dar zikajaribiwe na wateja. Niyonsaba aliomba aachiwe azile yeye zote, hata kama zitamuumiza tumbo. Katika zile, alisema, lazima iko moja inayotaja mahali.

"Mama yangu, naelewa," Mudathiri alimwambia. "Lakini maboksi yameshahesabiwa kwa wateja. Wakisikia kitu, watatuandikia. Huwa wanaandika kila kitu, hata visivyo na maana."

Alimpa iliyopasuka, ambayo isingeuzika. Niyonsaba aliila amesimama karibu na dirisha, mgongo kwa watu. Ilimwambia kesho kutanyesha. Kesho yake hakukunyesha, lakini ile kesho haikuwa hii.

Jumamosi alipanda basi la Kibondo. Nyumbani alipanda juu ya kinu, akapapasa darini, akakuta mfuko wa mbegu umefungwa kwa kamba ya mgomba, fundo la Makarius. Maharage yalikuwa yameshatobolewa na wadudu. Aliyamwaga kwenye ungo, akayapembua hata hivyo, mpaka ikabaki konzi moja, nayo akaipanda.

Kisha alikwenda kwa wazee wa ukoo wa mumewe. Walimsikiliza vizuri, wakamletea kiti chenye mgongo. Mzee Nkunzimana, aliye mkubwa wao, alisema hawana shaka tena kwamba kijana wao amekufa, kwa kuwa mtu aliye hai hawezi kuongea kwenye asali.

"Lakini msiba tutauvulia wapi, mukaza mwana?" aliuliza. "Udongo tuutupie wapi? Huwezi kunyoa nywele kwa neno lililopita kinywani mwa dereva. Tuonyeshe mahali. Hata kama ni shimo lililochimbwa na mhanga, tutakuja sote."

Siku mbili alizunguka msituni na mundu. Msitu ule ni mkubwa, na nyuki walikuwa kila mahali, wanafanya kazi zao.

Wiki ile ile kampuni ilimwandikia Firdausi kwamba asali inapendwa, ila maneno yapunguzwe. Mteja hataki kuulizwa swali na kitu anachotafuna. Firdausi alimpigia Felisiani simu, na Felisiani hakubisha. Ndoo iliyofuata aliichuja kwa shuka iliyokunjwa mara mbili. Maneno yalinasa kwenye shuka pamoja na nta, mabawa na miguu ya nyuki, na shuka ikafuliwa mtoni. Asali ilifika Kasulu safi, nyeupe kama maziwa, na chokoleti zake zilivuma tu kidogo kinywani, kama mtu anayeimba akiwa chumba cha pili. Hizo ndizo zilizo madukani mpaka leo. Kwenye boksi kuna picha ya mzinga.

Kikundi cha warina asali kilifanya uchaguzi, na Felisiani akapita bila mpinzani.

Zikabaki zile za mwanzo, zilizokwenda Dar na maneno yake yote. Wateja waliandika maoni, na maoni yakaja kwenye simu ya Firdausi. Kila mchana, kazi ikiisha, Firdausi alifuta mikono kwenye kanga, akavaa miwani, akamsomea Niyonsaba. Alisoma yote, hata ya kahawa, ili asionekane anaruka.

"Huyu anasema: Ya tangawizi imenikumbusha mafua. Nyota tatu."

"Endelea, Mama Hilali," Niyonsaba alimwambia.

"Huyu: Ya asali tamu sana, mume wangu kasikia mtu anakohoa, mimi sikusikia kitu, nimeonewa. Nyota mbili. Huyu: Imesema baridi. Nilidhani inataka kuwekwa kwenye friji, nimeiweka. Nyota tano."

Niyonsaba alikuwa anafinyanga chokoleti mkononi wakati wa kusomewa. Aliposikia "baridi" aliacha kufinyanga, na ile aliyoishika ikayeyuka mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Maoni yalipungua. Siku nyingine halikuja hata moja. Mwisho likaja moja, la mama mmoja, na Firdausi alilisoma kimoyomoyo kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Soma," alisema Niyonsaba.

"Anasema: Ya asali nzuri sana, ya kwangu iliongea kuliko za wenzangu. Ilieleza mahali, chini ya mti, ikataja na jina la mti. Jina nimelisahau. Nyota nne."

Niyonsaba aliomba aulizwe. Firdausi aliandika kwa kidole kimoja, polepole, akamweleza yule mama kwamba mwenye maneno ana mke, na mke yuko hapa amekaa. Walingoja. Firdausi alichemsha chai, ikanywewa yote. Alasiri jibu likaingia.

"Poleni jamani," Firdausi alisoma. "Niliila nikiwa kwenye foleni ya benki, kulikuwa na kelele. Nakumbuka tu ulikuwa mti mrefu."

Alivua miwani. Akamshika Niyonsaba begani.

"Mrefu," alisema Niyonsaba.

Alikaa nalo neno hilo. Alisema neno moja si haba, maana jana hakuwa nalo. Kisha akanawa mikono, akajifunga kitenge kwa ajili ya basi la mwisho la Kibondo, kwenda kuwaambia wazee; na wazee walimpa tena kile kiti chenye mgongo, wakamsikiliza mpaka mwisho, wakatazama kule msituni, ambako miti mifupi ni michache sana.