Darasa la Mama Muhuri

Alipopewa ukuu wa kitivo pale chuoni, Mama Muhuri aliomba jambo moja tu: aachiwe darasa lake la fasihi la Alhamisi. Mengine yote aliyabeba bila kinyongo: vikao visivyokwisha, ugomvi wa wahadhiri, vilio vya waliofeli. Jina hilo walimpa wanafunzi, maana hakuna karatasi iliyotoka pale bila muhuri wake. Alilijua, akajifanya halijui.

Mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mwanawe anaishi mbali. Nyumbani alibishana na redio. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yake ya kuongea na watu. Zamani, akiwa mwalimu tu, darasa lile lilikuwa soko; walimpinga mpaka jasho likamtoka, naye akarudi nyumbani akicheka peke yake njiani.

Siku hizi akiingia wanasimama kimya kama waliofiwa.

Alhamisi hiyo walisoma hadithi ya mama aliyemfungia mwanawe mlango usiku wa mvua. Akaamua kuwachokoza. Akasema yule mama hakuwa na lolote moyoni, ni usingizi tu ulimzidi. Upuuzi mtupu. Kalamu zikakimbia. Akageuza, akasema hapana, hata huyo mtoto hakuwepo. Wakaandika na hilo.

"Hakuna wa kunipinga?" akauliza.

"Hapana, Mkuu," akajibu binti wa mbele kwa adabu zote. "Umetufafanulia vizuri."

Akawaambia anakwenda ofisini kuchukua miwani, akatoka. Kwenye korido akainua mkono afute macho, vidole vikagonga kioo. Miwani ilikuwa puani muda wote. Darasa zima limemwona, asipatikane hata mmoja wa kumwambia, mama, si hiyo umeivaa.

Bado kaduwaa pale, ndani kukalipuka.

"Usingizi gani, wewe? Mama mzima asikie mwanawe analia, asiamke?"

"Si kasema Muhuri."

"Basi Muhuri akalale yeye. Yule mama alikuwa na hasira. Hata mimi ningemfungia."

Sauti ilikuwa ya binti wa mbele. Mama Muhuri akashika kitasa. Jibu alikuwa nalo, limemjaa mdomoni. Lakini alijua akifungua tu, soko limefungwa. Akakiachia.

Ofisi ya jirani alikaa mhadhiri kijana, mgeni bado pale kazini. Akamwambia aende akamalizie kipindi, na kuanzia leo darasa lile ni lake.

"Nimekosa nini, Mama?" kijana akauliza, ameshasimama.

"Hujakosa kitu. Wakikubishia, usiwanyamazishe."

Akamwangalia akiingia. Kelele hazikukatika, mtu alimwita aje awaamulie. Mama Muhuri akabaki ameegemea ukuta wa korido, akisikiliza, mpaka katibu wake akaja kumwambia wajumbe wa kikao wanamngoja. Akasema anakuja. Hakusogea.