Mtu wa Chini ya Tangi

Wapiga picha wenzake walimwita Ngazi, kwa sababu hakuwahi kuonekana kwenye maonyesho ya ndege bila ngazi yake fupi begani. Wenzake walijibana kwenye uzio mbele ya jukwaa na kugombania nafasi kwa viwiko. Yeye alitembea mpaka mwisho kabisa wa uwanja, kwenye tangi la maji la rangi ya manjano, mahali pasipo na kivuli wala mtu wa kukuuzia hata soda. Hapo aliisimamisha ngazi kwenye majani, akaitikisa kuona kama imetulia, akapanda, akabaki yeye na anga.

Alikuwa na sababu zake. Ndege ikipita mbele ya watu huwaonyesha tumbo, na kuipiga ndege picha ya tumbo ni kama kumpiga mtu picha ya nyayo. Anachokitafuta mpiga picha ni mgongo: ndege ilale ubavu kumwelekea, ayaone mabawa yote mawili, kioo, na ndani ya kioo kichwa cha rubani. Ndege nyekundu ya propela ya rubani waliyemwita Kapteni, iliyokuwa kuukuu kuliko wengi waliokuja kuitazama, ililala hivyo kila mwaka kwenye kona moja tu, na kona hiyo ilionekana vizuri kutokea kwenye tangi.

Halafu kulikuwa na suala la propela. Ukifyatua kamera kwa kasi kubwa, propela inaganda, na ndege inaonekana kama kitu kilichotundikwa kwa uzi. Inabidi upunguze kasi mpaka propela iwe duara jepesi kama moshi, na hapo hapo uifuate ndege kwa mwili mzima, kiuno na mabega, umebana pumzi. Picha nyingi zinatoka na ukungu. Ngazi hakufundishwa hayo na mtu. Aliyajua kwa kuharibu.

Siku za kazi alikuwa kwenye studio yake ya picha za pasipoti, chumba chenye pazia jeupe na kiti cha kuzunguka. Kutwa nzima aliwaambia watu, "Tazama hapa," nao wakatazama, maana wameambiwa. Walichukua picha zao wakaenda zao. Akikutana nao dukani siku ya pili walimpita kama nguzo ya umeme, na yeye hakuwalaumu. Hata yeye aliwakumbuka masikio zaidi kuliko majina.

Aliishi na mama yake, mpaka mama alipofariki. Kila aliporudi kutoka uwanjani, mama huyo alivaa miwani yake, akasogeza kiti kwenye kompyuta na kutaka aonyeshwe zote, hata zilizoharibika. Yeye ndiye aliyeliona jambo ambalo mwanawe hakuwa ameliona. Aligusa kioo cha kompyuta kwa kidole, pale penye uso wa Kapteni.

"Huyu anakutazama wewe," alisema.

Ngazi alicheka, akamweleza kwamba rubani yuko kazini, ana mambo chungu nzima ya kutazama. Mama hakubishana. Alimwambia tu afungue za mwaka uliotangulia. Alifungua, kisha za mwaka wa nyuma yake. Kila mwaka, kwenye kona ile, Kapteni alikuwa amegeuza kichwa na kuangalia moja kwa moja kwenye lenzi.

"Anakujua," mama alisema. "Na hukumwambia akutazame."

Tangu siku hiyo Ngazi alikwenda kwenye maonyesho kama mtu anayekwenda kuonana na mtu. Hakumwambia yeyote isipokuwa dada yake mkubwa, aliyeishi mji wa mbali na kumpigia simu kila wikendi kumuuliza kama ameshapata mke au bado ameoana na matumbo ya ndege. Na baada ya msiba, nyumba ilipokuwa kimya kiasi kwamba aliisikia friji ikiwaka na kuzima, kulikuwa na jambo moja alilolishika: kwamba yuko mtu duniani ambaye, hata akiwa kichwa chini miguu juu, anajua Ngazi amesimama wapi.

Mwaka huo wa msiba maonyesho yalikuwa ya siku mbili. Jumamosi mtangazaji alisema kwenye vipaza sauti kwamba kesho Kapteni ataruka kwa mara ya mwisho, kisha anastaafu. Ngazi alikuwa na picha kwenye begi, ya mwaka uliopita, aliyoisafisha kwa ukubwa wa trei ya chai. Alikuwa amepanga kumpelekea siku yoyote. Sasa siku zilikuwa zimekwisha.

Jioni, watu walipopungua, alikwenda kwenye kamba iliyozungushwa mbele ya banda la ndege. Fundi wa ndege ile alimfahamu kwa sura, au tuseme kwa ngazi, akamwinulia kamba apite.

Kapteni alikuwa mfupi kuliko alivyodhani, mtu mzima mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani. Aliipokea picha kwa mikono miwili, akavaa miwani, akaielekeza kwenye mwanga.

"Propela umeiacha izunguke," alisema. "Wengi wananiletea picha, ndege imeganda kama imekufa angani. Mke wangu hataki hata kuziona. Hii inaruka."

Ngazi alishukuru. Alikuwa amejiandaa kutoa picha, kusalimia na kuondoka, lakini maneno ya mama yalimsukuma, swali likatoka lenyewe.

"Samahani, Kapteni. Pale kwenye kona, ukigeuka hivi... huwa unaniona?"

"Wapi?"

"Pale kwenye tangi. Huwa nasimama chini yake. Miaka yote."

Kapteni alivua miwani taratibu. Mtu mwingine angesema ndiyo, mambo yakaisha. Lakini huyu alikuwa mtu aliyezoea kusema kilichopo, kwa sababu katika kazi yake kusema kisichokuwepo kunaua.

"Ndugu yangu, mimi huwa naliangalia tangi," alisema. "Lile la manjano linaonekana hata kukiwa na vumbi. Nikiliweka juu ya ncha ya bawa najua sijausogelea mstari wa watu. Ile kona nzima macho yangu yako pale. Chini yake, kusema kweli, sijawahi kuona mtu."

Ngazi alitikisa kichwa kukubali. Alisema ni kweli, ile ni sehemu nzuri ya kuweka alama.

"Kumbe kuna mtu pale," Kapteni alisema, zaidi kwa nafsi yake. Akauliza anapanda juu ya nini, akaambiwa ngazi, akacheka kidogo, si kwa ubaya. Kisha mtu wa usalama wa uwanja akaja na maswali ya kesho, na Ngazi akaaga.

Dada alipopiga simu jioni ile, alimweleza kila kitu kwa sauti ile ile anayotumia kueleza bei ya karatasi. Dada, ambaye hakosi mzaha, safari hii alikosa. Alisema tu kwamba mama alikuwa na macho mabovu, Mungu amrehemu. Ngazi alijibu kwamba macho ya mama hayakuwa na kasoro. Kapteni alitazama kule kweli, ila alikuwa na kingine cha kutazama.

Jumapili hakwenda kwenye tangi. Hakuwa na hasira na mtu. Aliona haya tu, haya za mtu aliyeitikia kwa furaha salamu ya mwingine, akageuka akamkuta aliyesalimiwa nyuma yake. Aliiweka ngazi upande wa pili wa uwanja, karibu na vibanda vya vyakula, katikati ya watoto na vipaza sauti.

"Ngazi, leo umehamia mjini?" alimtania mpiga picha mmoja waliyemwita Mzinga, kwa jinsi lenzi yake ilivyokuwa kubwa. "Au tangi limekupandishia kodi?"

"Nimekuja kuona mnavyoishi," alijibu, na wote wakacheka, naye pia.

Ndege nyekundu ilipanda. Ilifanya mizunguko yake, ikaning'inia, ikaanguka, ikajikusanya, na umati ukavuta pumzi pale unapovuta siku zote. Kisha ikaja kwenye kona ya mwisho. Kutoka huku ilionekana ikienda mbali, imelala ubavu, na ndani ya kioo kulikuwa na kisogo tu cha helmeti nyeupe. Si picha ya kuuza. Ngazi aliifuata hata hivyo, kwa kiuno na mabega, maana mwili haujui kuacha.

Ndipo alipouona mkono. Ulinyanyuka pembeni ya helmeti, glavu imefunguka vidole vyote, ukakaa pale kwenye kioo muda wote wa kona, umeelekezwa chini, kule kwenye tangi.

Ndege ilipotoka kwenye kona mkono ulishuka. Ngazi aliteremka, akakaa kwenye kidato cha chini cha ngazi na kurudisha picha kwenye kioo cha kamera. Alijaribu kwanza kujiambia kwamba Kapteni alikuwa anawaaga watu. Lakini watu wote walikuwa huku, kwenye jukwaa, na huku alikuwa amewapa kisogo. Kule hakukuwa na kitu ila majani na tangi, na tangi hakuna anayelipungia mkono.

Alifunga lenzi, akajitwika ngazi na kuelekea bandani. Alipofika, Kapteni alikuwa ameshashuka. Wajukuu walining'inia miguuni kwake, mtu amemvika shada la maua, watu wa uwanja wanasukumana kupiga naye picha za simu. Ngazi alisimama nje ya kamba. Fundi hakuwepo karibu. Simu ililia mfukoni.

"Enhe, leo je?" dada aliuliza. "Amekuona?"

"Hapana," alisema. "Alinitafuta."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Upande mwingine. Nilihama."

"Nilijua. Wewe na haya zako." Kulikuwa na kelele za sufuria kwake, kisha zikatulia. "Sasa uko wapi?"

"Nje ya kamba."

"Mdogo wangu, huyo mtu atakwenda kwake akijua pale hapana mtu."

Ngazi aliirudisha simu mfukoni. Kamba ilimfikia kiunoni tu, mtoto angeweza kuipita. Aliweka ngazi chini, akaifuta mikono kwenye suruali, akasema hodi. Kelele zilikuwa nyingi na sauti yake ilikuwa ndogo, kama kawaida yake, hakuna aliyegeuka. Akavuta pumzi, akasema tena.