Nguo za Wilfred

Kwetu Plymouth, mwanamume akisafiri baharini, siku hiyo nyumbani kwake hakufuliwi. Ukifua, umemfua na yeye, maji yamemchukua. Hata mtoto wa shule analijua hilo. Lakini mkwe wangu Doreen katoka bara, huko Birmingham. Bahari kaiona wiki ya harusi.

Mwanangu Wilfred alikuwa mpiga mzinga kwenye Thessaly, manowari nyepesi, ya mbio. Meli ile imeteseka, jamani! Vitani kule Norway ilipigwa bomu la ubavu. Ikazibwa, ikapelekwa kusindikiza meli za chakula Malta, ikarudi ina matundu kama chekecheo. Ikirudi, na mwanangu karudi, ananuka mafuta ya meli na tumbaku, anadai chai kabla hajanibusu.

Safari ya mwisho, narudi kutoka kumuaga bandarini, nakuta kamba imejaa nguo zake. Mashati, soksi, mpaka foronya aliyolalia.

"Wee Doreen! Umefanya nini?"

"Nimefua, Mama. Akirudi akute safi."

"Nani kakutuma? Unataka kuniulia mtoto?"

"Ala! Sabuni nayo inazamisha meli?"

"Funga mdomo, uzianue! Na Wilfred asiporudi, nawe unarudi kwenu. Umenisikia?"

Akazianua zikichuruzika maji, huku analia. Tokea hapo tukanuniana, hata chai tukawa tunakunywa kwa zamu.

Mwezi wa Mei ikaja telegramu. Thessaly imezama karibu na Krete. Baadaye tukasikia ndege ziliiandama mchana kutwa, mpaka risasi zikaiishia. Waliookolewa waliokolewa. Wangu hakuonekana.

Nilichanganyikiwa kwa hasira na uchungu. Majirani walikuwa mlangoni, wanangoja nimtupie mtoto wa watu virago vyake nje, na kweli nilipanda ngazi kwenda kufanya hivyo.

Nikamkuta kapiga magoti mbele ya kabati, nguo za Wilfred zimetapakaa sakafuni. Anaokota shati, ananusa, anatupa. Anaokota jingine.

"Unatafuta nini?"

"Harufu yake, Mama." Hakuinua hata uso. "Nimeifua yote. Hata kidogo sikubakiza."

Yale maneno niliyopanda nayo yakaniishia. Nikapiga magoti pembeni yake, nikaokota soksi, nikanusa. Sabuni tupu.

"Nipe hiyo foronya," nikamwambia.

Tukazipitia zote, moja moja, mimi na yeye.